Kabla Hujatuma Hela ya Mizinga ya Nyuki

Ombi hili limeshawafikia wengi wetu, iwe tuko Muscat, Doha, Riyadh, London au Minneapolis: "Tuma hela tununue mizinga." Anayeomba ni kaka, ni mjomba, wakati mwingine ni mama mwenyewe. Anasema nyuki hawali pumba, hawahitaji dawa kila wiki, hawahitaji shamba kubwa, na asali ina soko. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Ndiyo maana ombi hili ni gumu kulikataa, na ndiyo maana hela nyingi za jasho zimegeuka masanduku matupu yanayoning'inia mtini.

Hatuandiki haya ili mkatae. Ufugaji nyuki ni kati ya miradi michache ya kijijini ambayo mtu aliye mbali anaweza kuianza kwa hela kidogo na isife akikosa kutuma mwezi mmoja. Lakini kuna swali ambalo watu hulipita haraka: mzinga gani? Mizinga iko ya aina nyingi, bei zake zinapishana sana, na aina utakayochagua ndiyo itakayoamua nani nyumbani ataweza kuutunza, utahitaji vifaa gani, na hela yako itarudi lini.

Mzinga hautengenezi asali

Tuanze na ndugu zetu walio Oman, maana wao wameliona hili kwa macho. Asali ya sidri, yaani ya mti wa jamii ya mkunazi, inauzwa kule kwa bei ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani umesikia vibaya. Sasa tazama mizinga ya asili ya wafugaji wa Oman: ni magogo ya mtende yaliyochimbwa ndani, yamelazwa na kupangwa moja juu ya lingine. Hakuna rangi, hakuna bati linalong'aa. Bei ile haitokani na mzinga. Inatokana na mti, msimu wake, na mnunuzi anayejua anachonunua.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mzinga, uliza kuna nini cha kuchanua. Mahali penye miombo kama Tabora au Katavi, au penye migunga kama Baringo na Kitui, nyuki wana chakula. Mahali ambapo msitu umegeuzwa mkaa, mzinga wa bei yoyote utabaki sanduku. Uliza pia maji yako umbali gani. Nyuki wanahitaji maji kila siku, na jua likiwa kali wanayatumia kupoza mzinga.

Jambo la pili: kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida hununui nyuki. Unatundika mzinga, unasubiri kundi liingie lenyewe. Nyuki wetu, hasa wale wa nyika, wana tabia ya kuhama. Wakisumbuliwa sana, wakivamiwa na siafu, wakikosa maji au maua, wanaondoka wote na malkia wao, wanakuachia masega. Tabia hii ndiyo inayofanya hesabu ya "mizinga 20 mara kilo 20" iwe hesabu ya kwenye karatasi tu. Hesabu ya kweli inaanzia kwenye idadi ya mizinga yenye nyuki.

Mzinga wa gogo

Huu ndio mzinga wa babu. Gogo limepasuliwa au limetobolewa katikati, ncha zake zimezibwa, linatundikwa juu ya mti. Watu wengi wanaudharau, lakini nyuki hawaudharau. Kuta zake ni nene, ndani hakuchemki mchana wala hakuna baridi kali usiku. Ni rahisi kwa bei, na gogo la mti mgumu hudumu miaka mingi.

Shida yake ni mbili. Kwanza, masega yameshikana na ukuta, kwa hiyo huwezi kukagua bila kubomoa. Mrinaji akiingiza mkono anatoka na asali, majana na chavua kwa pamoja, na akitumia mwenge wa moto anaua nyuki na asali inanuka moshi. Pili, uko juu. Kupanda mti usiku na ndoo ni kazi ya kijana mwenye nguvu. Kama nyumbani amebaki mama na dada, mzinga huu maana yake ni kumlipa mtu mwingine kila msimu.

Uko pia mzinga wa magome. Huo tusiuagize kabisa. Ukichuna gome la mti kuuzunguka wote, mti unakufa, na mti ule ndio uliokuwa unatoa maua.

Mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada walifanya kazi Kenya kutafuta mzinga ambao fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza, na ambao hata mwanamke anaweza kuutunza akiwa amesimama chini. Walichukua wazo la vikapu vya kale vya Ugiriki, ambapo masega yalijengwa chini ya vijiti vilivyopangwa mdomoni mwa kikapu. Kikatoka kitu kinachofanana na hori la ng'ombe: sanduku refu, pana juu, jembamba chini, na juu yake vipande vya mbao vimepangwa bega kwa bega. Hivyo vipande ndivyo viunzi. Kila kiunzi kinabeba sega moja. Ukitaka kukagua, unainua kiunzi kimoja, unatazama, unarudisha. Kwa kuwa kuta zimelala kidogo, nyuki hawana kawaida ya kugandisha sega ukutani.

Mzinga wa Tanzania wa viunzi vya juu ni ndugu yake. Tofauti kubwa ni kwamba kuta zake zimesimama wima, na fundi anapata kazi rahisi zaidi. Mizinga hii yote miwili hutundikwa kwa waya kwenye nguzo au matawi, kimo cha kiuno cha mtu.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Ndugu zetu mnaofanya kazi za ndani Uingereza na Marekani, msishangae siku mkikuta mzinga huu huu wa Kenya kwenye bustani ya mwajiri. Huko kuna watu wanaofuga nyuki kwa kujifurahisha, wanaita ufugaji wa asili: kuwaacha nyuki wajenge masega yao wenyewe bila kuwekewa karatasi za nta, na kutowafungua kila mara. Wengi wao wameupenda mzinga uliotoka kwetu. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akikwambia viunzi vya juu ni "mzinga wa kimaskini", unajua la kumjibu.

Mzinga wa Langstroth

Huu una masanduku yanayopandana na fremu ndani yake. Lorenzo Langstroth, mchungaji Mmarekani, alitambua mwaka 1851 kwamba ukiacha nafasi ndogo ya kupita nyuki, kiasi cha milimita 6 hadi 9, hawaijazi nta wala gundi. Juu ya wazo hilo ndipo ufugaji mkubwa wa dunia ulipojengwa. Fremu zikijaa unazitia kwenye mashine inayozungushwa, asali inaruka nje, sega linabaki zima, unalirudisha kwa nyuki. Hawajengi upya, kwa hiyo asali inaweza kuwa nyingi zaidi.

Lakini sikiliza masharti yake. Unahitaji mashine ile ya kuzungushia. Unahitaji fremu zilizopimwa sawasawa, kwa sababu fundi akikosea milimita chache nyuki wanagandisha kila kitu. Unahitaji karatasi za nta. Na unahitaji mtu anayejua lini kuongeza sanduku na lini kuliondoa. Bila mtu huyo, umenunua gari bila dereva. Kama nyumbani kwenu kuna kikundi chenye mashine ya pamoja na mtu aliyesomea, kwa mfano chuo cha nyuki cha Tabora, mzinga huu unafaa sana. Kama hakuna, subiri.

Mizinga ya kwenye video

Kuna miwili inayosambaa sana kwenye simu. Wa kwanza ni mzinga wa Warré. Émile Warré alikuwa padre Mfaransa aliyejaribu mizinga ya aina nyingi akitafuta ule wa mtu wa kawaida. Ni masanduku madogo ya mraba, mapya yanaongezwa chini na asali inavunwa juu, kama nyuki wanavyoshuka wenyewe ndani ya shimo la mti. Ni mzuri na ni wa bei nafuu, lakini kunyanyua masanduku yote yenye nyuki wakali ili uweke jipya chini ni shughuli kwa watu wawili wenye mavazi kamili.

Wa pili ni ule wa Australia uliotoka mwaka 2015, unaozungusha ufunguo na asali inatiririka kwenye chupa. Video yake inavutia kweli. Lakini masega yake ni ya plastiki ya kiwandani, na bei ya mzinga mmoja inatosha kujenga mizinga mingi ya mbao kijijini. Ni mzinga wa mtu anayefuga mmoja au miwili nyuma ya nyumba yake. Sio wa kuanzia mradi wa familia.

Milimita 32

Kama kuna namba moja ya kuandika ukutani kwa fundi, ni hii. Upana wa kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, masega yao yanakaa mbalimbali zaidi, kwa hiyo michoro ya mizinga ya Ulaya na Marekani ina viunzi vya milimita 35 hadi 38. Mzinga wa Warré nao umepimwa kwa nyuki wa kule.

Sasa angalia kinachotokea. Kijana nyumbani anapakua mchoro mtandaoni, au wewe unaupakua kwa nia njema unamtumia. Fundi anakata viunzi vya milimita 38. Nyuki wanaingia, wanajenga kwa kipimo chao. Sega la kwanza linakaa katikati ya kiunzi, la tatu liko pembeni, la nne limevuka viunzi viwili. Siku ya kukagua ukivuta kiunzi kimoja unararua masega mawili, asali inamwagika, nyuki wanachafukwa. Umelipia mzinga wa viunzi, umepata gogo la bei ghali.

Kwa hiyo mwambie fundi: urefu wa kiunzi sentimita 48, upana milimita 32, vyote vilingane. Viunzi 28 vikikaa bega kwa bega vinajaza urefu wa karibu sentimita 90. Chini ya kila kiunzi, katikati kabisa, apitishe mstari wa nta iliyoyeyushwa ili nyuki wajue pa kuanzia. Mwambie akupigie picha na rula au utepe wa kupimia ukiwa juu ya viunzi kumi: vinatakiwa visomeke sentimita 32. Picha hiyo moja inafaa kuliko maelezo ya nusu saa kwenye simu.

Hesabu ya kilo

Bei za mizinga zinabadilika na zinatofautiana mahali na mahali, kwa hiyo tunashauri upime kila kitu kwa kilo za asali. Uliza nyumbani bei ambayo mrinaji analipwa pale pale kijijini, sio bei ya dukani mjini. Halafu jiulize: hiki ninachonunua ni kilo ngapi?

Tuchukue mfano wa shilingi. Hizi ni namba za kujifunzia tu, weka za kwenu. Tuseme mzinga wa viunzi pamoja na waya na nguzo ni 100,000, na unaanza na mitano: 500,000. Mavazi ya kinga mawili, bomba la moshi, mabuti, glavu na ndoo safi zenye mifuniko ni 250,000. Jumla 750,000. Asali kijijini ni 8,000 kwa kilo. Umekubaliana na mtunzaji achukue theluthi ya asali, kwa hiyo katika kila kilo wewe unabaki na kama 5,300. Gawanya 750,000 kwa 5,300: unahitaji kilo 141 hivi ili hela yako irudi.

Mzinga wa viunzi wenye kundi lenye nguvu, mahali penye maua, ukitoa kilo 10 hadi 20 kwa mwaka hayo ni mavuno mazuri. Sasa usihesabu mizinga mitano. Hesabu mitatu, maana miwili inaweza kukaa mitupu. Mitatu ikitoa kilo 20 kila mmoja ni kilo 60 kwa mwaka, hela yako inarudi baada ya mwaka wa pili na miezi kadhaa ya mavuno. Ikitoa kilo 10 kila mmoja, ni karibu miaka mitano. Na mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa kusubiri nyuki na kuwaacha wajipange, hauna mavuno ya kuhesabu.

Fanya hivyo hivyo kwa Langstroth. Tuseme mzinga ni 200,000, mitano ni 1,000,000, mashine ya kuzungushia 600,000, vifaa vingine 250,000. Jumla 1,850,000, yaani karibu kilo 350. Mitatu ikitoa hata kilo 30 kila mmoja, unahitaji karibu miaka minne. Mzinga wenyewe sio mbaya. Kinachokulemea ni kubeba mashine peke yako kwa mizinga mitano. Mashine ile ile kwa mizinga 50 ya kikundi ni jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatuma chochote, angalia vifaa vinavyoweza kuazimwa. Mavazi na bomba la moshi hutumika siku chache kwa msimu. Familia tatu zinaweza kununua seti moja nzuri badala ya tatu dhaifu.

Nani atafungua mzinga?

Hili ndilo swali ambalo hela haijibu. Lazima awepo mtu mmoja mwenye jina, sio "vijana wapo". Mtu huyo awe anaishi karibu na asiwe mtu wa kuogopa nyuki. Kama hajawahi kufuga, aende kwa mrinaji wa eneo msimu mmoja, au kwa afisa nyuki wa wilaya kwa walio Tanzania, kabla ya mizinga kununuliwa. Nauli yake na chakula cha siku hizo ni hela ndogo inayolinda hela kubwa.

Kazi zake sio nyingi lakini haziahirishwi. Akague kwa nje kila wiki: nyuki wanaingia na chavua miguuni? Siafu wamefika? Nyasi zimegusa mzinga? Nguzo apake grisi ili wadudu wasipande. Mzinga uning'inie kwa waya ili nyegere asipate pa kushikilia, maana nyegere akifika hachagui sega, anavunja vyote. Ndani ya mzinga akague jioni jua likishuka, kwa moshi wa majani makavu au maranda, kamwe asichome plastiki wala mpira. Na asiende peke yake.

Manzuki, yaani mahali pa mizinga, pawe mita 300 au zaidi kutoka kwenye nyumba, shule, zizi na njia ya watu. Hatutanii. Nyuki mmoja akidunga, harufu yake inaita wengine, na mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Mtu yeyote ambaye akidungwa anavimba uso au anabanwa pumzi hatakiwi kukaribia kazi hii, hata kama ndiye mtoto unayempenda kuliko wote.

Mkubaliane kwa maandishi, karatasi moja inatosha: mizinga ni ya nani, ardhi ni ya nani, asali inagawanywaje, na mtunzaji akiondoka nini kinafuata. Kama mizinga itakaa kwenye msitu wa hifadhi, kibali cha ofisi ya misitu kipatikane kwanza. Kila mzinga upakwe namba. Siku ukiambiwa "namba 4 imehama", utajua unazungumzia mzinga upi, na ukitumiwa picha hutatazama mzinga mmoja mara tano.

Asali ya kuuzika, na nta isitupwe

Asali inaharibika siku ya kuvuna, haisubiri dukani. Sega linaloiva nyuki hulifunika kwa nta nyeupe. Livunwe likiwa limefunikwa angalau robo tatu. Asali isiyofunikwa ina maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 inaweza kuchacha na kutoa povu. Isivunwe mvua ikinyesha, isiachwe wazi, maana asali hunyonya unyevu wa hewani. Sega lenye majana lirudishwe. Na nyuki waachiwe chakula chao. Ukivuna yote, wanahama, na msimu ujao unaanza tena na sanduku tupu.

Kwa mizinga ya viunzi na magogo, sega linakatwa na kukamuliwa, kwa hiyo kinachobaki ni nta. Sehemu nyingi bado wanaitupa. Nta haiozi, haihitaji friji, inayeyushwa kwa maji ya moto, inachujwa kwa kitambaa, inaganda kama sabuni, na ina wanunuzi. Katika hesabu yetu ya juu hatukuiweka hata shilingi. Ichukulie kama akiba ya kununulia waya na grisi, na kiasi kidogo kibaki kwa kupaka mizinga mipya ili inukie vizuri kwa kundi linalotafuta makazi. Wengine husugua mchaichai ndani ya mzinga kwa sababu hiyo hiyo, maana harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki hutoa kuwaita wenzao.

Kwa mama ambaye hawezi kabisa mambo ya kudungwa, kuna nyuki wadogo wasiouma. Wanakaa kwenye visanduku vidogo hata chini ya upenu wa nyumba. Asali yao ni kidogo, lita chache kwa mwaka na mara nyingine pungufu, lakini kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa. Sio mradi wa kujengea nyumba. Ni hela ya mama ya mkononi, na hiyo nayo ina heshima yake.

Wauzaji wenye mkataba

Kuna watu wanaouza mizinga kwa ahadi: nunua kumi, sisi tutaitunza, tutanunua asali yote, wewe subiri hela. Wengine ni waaminifu. Lakini aliye mbali anahitaji majibu ya maswali manne kabla ya kulipa. Katika wilaya yetu mmetundika mizinga mingapi miaka mitatu iliyopita, na mingapi ina nyuki leo? Naweza kuzungumza na wateja watatu wa zamani niliowachagua mimi, sio nyinyi? Mtanunua kwa bei gani kwa kilo, imeandikwa wapi, na nani analipa usafiri? Mzinga ukikaa mtupu mwaka mzima, nani anabeba hasara?

Muuzaji anayepata faida siku unaponunua sanduku, na hapati chochote siku asali inapotoka, hana sababu ya kujali kama nyuki waliingia. Akikuahidi mavuno ya kila mzinga bila hata kuuliza kwenu kuna miti gani, funga simu kwa adabu.

Jinsi ya kutuma hela

Usitume yote kwa pamoja, hata kama unayo. Tunapendekeza hivi.

Kwanza, tuma hela ya kujifunza tu: nauli na posho ya mtunzaji kwenda kukaa na mrinaji. Asiporudi na majibu kuhusu maua, maji na msimu wa makundi kuhama, mradi umekuonyesha tabia yake mapema na umepoteza kidogo.

Pili, tuma hela ya mizinga miwili au mitatu, itundikwe kabla ya maua ya msimu. Mlipe fundi mwenyewe kama inawezekana: nusu akianza, nusu ukiona picha ya viunzi na utepe.

Tatu, subiri. Mavazi na bomba la moshi vinunuliwe nyuki wakishaingia, sio kabla. Video fupi ya mlango wa mzinga, namba ikionekana na nyuki wakiingia na kutoka, ndiyo risiti yako.

Nne, baada ya mavuno ya kwanza, mizinga ya kuongeza itokane na hela ya asali. Hapo wewe uliye ugenini unaacha kuwa benki, unakuwa mshirika. Akiba yako ya kila mwezi iendelee pale ilipokuwa, kwa ajili ya ada, kiwanja na siku ya kurudi.

Kwa hiyo Ijumaa hii, au Jumapili kwa walio Ulaya na Marekani, ukipiga simu nyumbani usiulize kama mizinga imefika. Uliza mingapi ina nyuki.